Kisu cha Kukunja cha Mfukoni: Namna Ninavyokichagua

Nina kovu kwenye kidole cha shahada cha mkono wa kulia, juu kidogo ya kiungo cha pili. Nililipata kambi ya Horombo, mita 3,720, wakati ule nikiwa bado mpagazi wa mlima Kilimanjaro. Mkanda wa begi la mgeni ulikuwa unambana, nikataka kuuongezea tundu. Nikafungua kisu nilichonunua sokoni kwa shilingi elfu saba, nikaweka ncha kwenye mkanda, nikasukuma. Ncha ikagoma, kisu kikajikunja, makali yakarudi juu ya vidole vilivyoshika mpini. Kisu kile kilikuwa na loki, yaani kizuizi cha kukishikilia kisijikunje. Loki ilikuwa ya kuonekana tu.

Sasa naongoza wageni, na vijana wanaoanza kazi huniuliza wanunue kisu gani. Wakishauliza hilo, wanashusha sauti na kuuliza la pili: kinafaa kujihami? Nitayajibu yote mawili, nikianza na la kwanza.

Kabla hujaenda dukani, ikumbuke wiki yako iliyopita. Ulikata nini? Mimi nilikata kamba za hema, plasta za malengelenge, maparachichi, mfuko wa mchele na uzi uliochomoza kwenye soli ya kiatu. Hakuna hata kimoja kilichotaka makali marefu kuliko upana wa kiganja changu. Kwa hiyo sentimita 7 hadi 8.5 zinatosha. Kisu kirefu kuliko hapo kinakuwa kizito mfukoni, kinatisha watu mezani, na kwa kazi ndogo ndogo kinakuchosha.

Ukikishika dukani, anza na loki. Kifungue chote. Shika mpini kwa vidole viwili ubavuni, vingine vikae mbali na njia ya makali, kisha gandamiza mgongo wa kisu taratibu kwenye ukingo wa meza ya mbao. Usikigonge, gandamiza tu, na ongeza nguvu kidogo kidogo. Loki ikiteleza hata mara moja, mrudishie muuzaji. Halafu chungulia ndani. Visu vingi vya siku hizi vina kibati chembamba ndani ya mpini ambacho kisu kikifunguka kinaruka na kukaa nyuma ya mkia wa ubapa. Kibati hicho kinatakiwa kiukalie ule mkia vizuri. Kikiushika kwa ukingo tu, kama mtu aliyeegemea mlango kwa bega, ipo siku kitaachia. Hicho ndicho kilichonikata.

Ukimaliza hapo, shika ncha uitikise kulia na kushoto. Kikicheza, bawaba imelegea. Angalia kama imefungwa kwa skrubu au kwa ribiti. Skrubu utaikaza mwenyewe nyumbani. Ribiti ikishalegea, habari imeishia hapo. Kikunje, ukielekeze chini, ukitikise kwa nguvu: kisifunguke chenyewe. Mwisho pitisha kipande cha kitambaa kwenye ule mfereji wa mpini. Kitambaa kikinasa, ncha imechomoza, na itakuchoma ukiingiza mkono mfukoni kutafuta chenji.

Kuna visu visivyo na loki kabisa, vinashikiliwa na springi tu. Vile vyekundu vya Victorinox ambavyo wageni wengi wanakuja navyo, vingi ni vya namna hiyo. Ni visu vizuri mno, vimetengenezwa kwa uangalifu, na mkasi wake mdogo umenisaidia kwenye malengelenge ya wageni kuliko kisu chenyewe. Ila usivitumie kutoboa kwa kusukuma. Kukata, ndiyo. Kutoboa, tafuta kitu kingine. Na kwenye baridi ya Kibo, juu kabisa mlimani, ule mfereji mdogo wa kuingiza ukucha ni mateso. Vidole havisikii kitu. Kama kazi yako ni ya baridi, au unavaa glavu, chagua chenye tundu au kijiti cha kusukumia kwa dole gumba.

Nilichokibeba muda mrefu kuliko vyote ni Opinel namba 8, kisu cha Wafaransa chenye mpini wa mti. Mgeni mmoja aliniachia mwisho wa safari. Shingoni kina pete ya chuma. Ukiizungusha, kisu hakikunjiki ng'o. Wanavitengeneza tangu 1890, na pete hiyo iliongezwa mwaka 1955. Ni chepesi, hakina makeke, na kinakata nyanya iliyoiva bila kuiminya. Kasoro yake nayo niseme: mpini ukilowa unavimba. Siku moja mvua ya msituni, chini ya kambi ya Mandara, ilitupiga kwa muda wa saa tatu, na tulipofika sikuweza kukifungua mpaka kilipokauka karibu na jiko. Tangu hapo naupaka mpini nta, na mvua ikianza nakihamishia ndani ya mfuko wa plastiki.

Kuhusu chuma, usisumbuliwe na namba zilizochorwa ubavuni, maana mtu yeyote anaweza kuchora namba. Chuma cha kaboni kinanoleka haraka na kinapata makali ya kunyolea, lakini ndimu moja tu usipokifuta, kesho kina madoa. Stenlesi haishiki kutu kirahisi, na kwa mtu anayekaa Tanga au Dar karibu na chumvi ya bahari, ningemwambia achukue hiyo bila kufikiri mara mbili. Kujua ubora wake, nenda nacho nyumbani, kinoe, kata karatasi ya gazeti. Kisha kata kamba ya katani mara kumi. Rudi kwenye gazeti. Kikiendelea kukata bila kuchana, umepata kisu. Kikianza kung'ang'ana, utakuwa unanoa kila jioni.

Mpini ujaribu kwa mkono wenye sabuni. Chuma kitupu kinachong'aa kinapendeza kabatini, lakini mkono ukiwa na mafuta ya nyama kinateleza kama samaki.

Sasa la kujihami. Nalijibu kwa jambo tulilofanya wenyewe. Siku ya mapumziko tulivaa fulana nyeupe zilizochakaa, tukachukua kalamu mbili nene za wino mwekundu. Mmoja aliweka yake mfukoni ikiwa na kifuniko, mfano wa kisu kilichokunjwa. Mwenzake akasimama hatua tano mbele, ya kwake mkononi, akamjia ghafla. Tulirudia mara kumi, tukibadilishana. Mara nane kalamu ya mfukoni haikutoka kabisa. Mara mbili ilitoka, na mara zote mbili wote wawili tulibaki na mistari myekundu shingoni, tumboni, mikononi. Yule tuliyemwita mshindi alikuwa na mstari ndani ya kifundo cha mkono, pale mapigo yanapopimwa. Tulinyamaza kidogo tukiutazama ule mstari. Fanyeni jaribio hilo nyumbani, halafu uamue.

Mimi niliamua. Nikishuka stendi ya Moshi usiku, mkononi nina tochi ya kichwani yenye mwanga mkali, shingoni filimbi ya mlimani, na bodaboda ninayemjua nimeshampigia kabla basi halijaingia. Mtu akitaka simu, nampa. Kijana wangu, mimi nimewashusha watu mlimani kwa machela. Najua mwili wa mtu unavyokuwa mzito damu ikipungua, na sitaki uwe wewe, wala yule uliyemchoma.

Tena kuna polisi. Ukikutwa na kisu unachokatia kamba, katikati ya vifaa vyako vya kazi, una la kueleza. Ukisema ni cha kujihami na watu, umejifunga mwenyewe kwa mdomo wako. Uingereza sheria iko wazi: mtu anaruhusiwa kubeba bila sababu maalumu kisu cha kukunja kisicho na loki chenye makali yasiyozidi inchi 3, na kujihami hakukubaliki kuwa sababu ya kubeba kingine. Na popote uendako, kwenye ndege kisu kinakaa kwenye begi la kupakia, si la mkononi.

Ukishakinunua, kibebe mfuko wa mbele, peke yake, bila funguo wala sarafu. Usikiweke mfuko wa nyuma ukipanda pikipiki. Kunoa, kama huna jiwe, geuza kikombe cha udongo. Ile duara ya chini isiyopakwa rangi inanoa vizuri. Simamisha kisu wima, kilaze nusu, kisha nusu tena: hapo ndipo pembe ilipo. Vuta makali taratibu kama unayekwangua karatasi, upande huu mara kumi, upande ule mara kumi, bila kukandamiza. Kioshe, kikaushe kabisa, na bawaba iwekee tone moja la mafuta ya cherehani. Ya kupikia usiweke. Baada ya muda yanageuka gundi.