Kabla hujasema diski imekufa, anza na waya

Kwanza kabisa usifomati, yaani usikubali diski ifutwe iandaliwe upya. Windows ikikuletea ule ujumbe wa kutaka diski ifomatiwe ndio itumike, kataa, funga, acha hivyo hivyo. Ujumbe ule unakuja diski ikiwa mbovu na unakuja waya ukiwa mbovu.

Zima mashine ndio uguse nyaya za ndani. Chomoa, futa vumbi, rudishia mpaka ikae sawasawa.

Kama ni eksteno, yaani diski ya nje ya USB, badilisha porti, na kwenye desktopu tumia za nyuma maana zile zimeungwa kwenye mazabodi, ile bodi kuu ya kompyuta, moja kwa moja. Halafu umeme: porti ya USB 2.0 kwa kawaida inatoa miliampia 500, ya USB 3.0 inatoa 900, sasa diski ikikosa umeme wa kutosha inawasha taa, inajaribu kuzunguka, inagonga tik tik, mtu anasema imekufa kumbe ina njaa. Jaribu na waya mwingine pia, ila hakikisha unapitisha data, kuna nyaya za chaja zinabeba umeme tu.

Sasa hili lisome vizuri. Nilikuwa nashika kompyuta za studio moja ya video za harusi, diski ya ndani ya TB 2 ikaanza kukwama, kukopi kunasuasua, mara inapotea mara inarudi. Mimi mbio mbio nikapiga chkdsk, ile amri ya Windows ya kukagua diski, na nikaiambia irekebishe. Ikafanya kazi karibu usiku mzima, asubuhi nakuta folda inaitwa FOUND.000 imejaa vipande vya mafaili visivyo na majina, send-off na harusi ya watu imesagika. Ndio nikafungua CrystalDiskInfo, programu ya kusoma afya ya diski, kitu ambacho ningefanya kwanza: namba 05 (sehemu mbovu zilizohamishwa) sifuri, 197 (sehemu zinazoshukiwa, humo huandikwa C5) sifuri, yaani diski yenyewe nzima, ila 199 (humo huandikwa C7), ile ya makosa ya CRC, imepanda maelfu. Hiyo 199 inahesabu data inayoharibika njiani, kati ya diski na mazabodi. Waya wa SATA, ule wa data unaounga diski na mazabodi, ulikuwa umekunjwa kona kali nyuma ya mfuniko, nikabadilisha, diski ikatulia mpaka leo. Mama wa bibi harusi alikuja mwenyewe kuulizia video, sikuwa na cha kumpa, na yule mama bado namkumbuka.

Kwa hiyo soma hizo namba kabla ya kurekebisha chochote. Na ujue 199 hairudi sifuri ukibadilisha waya, iandike pembeni, tumia siku mbili, angalia kama imeongezeka. Isipopanda tena, waya ndio ulikuwa tatizo. Ila kama zinazopanda ni 05 na 197, hiyo diski inaondoka kweli, kopi vya muhimu kwanza, chkdsk usiiguse.

Ukibadilisha pawa saplai yenye nyaya za kuchomoka, toa nyaya zote za zamani hata kama zinaingia. Mpangilio wa pini unaweza usilingane, na volti 12 ikiingia pa volti 5 diski inaweza kuungua hapo hapo.

Na eksteno usiivute kwa waya, usiitembeze ikiwa inazunguka, usiiache ukingoni mwa meza watoto wanapopita, na kazi ya mteja isikae sehemu moja tu hata kwa usiku mmoja.