Ukikaa kwenye kipindi cha sarufi ya Kiingereza cha mwalimu mwenzako

Omba ruhusa siku moja kabla, usiombe mlangoni. Mwulize mwenzako atafundisha nini na angependa umwangalizie kitu gani, kisha omba andalio la somo ulisome. Ukiingia hujui somo, utatoka na habari za mwandiko wa ubaoni.

Usikae nyuma. Nilikaa nyuma miaka mingi, kama wakaguzi, nikawa naona visogo tu. Siku hizi naweka kiti pembeni, usawa wa dawati la pili, nione midomo na kalamu. Kidato cha kwanza hapa kwetu Morogoro kina watoto zaidi ya 60; kwa dakika 40 huwezi kuwafuata wote. Chagua watano, watatu wawe wale wasionyoosha mkono.

Igawe karatasi yako kwa mstari. Kushoto andika saa na maneno yenyewe yaliyosemwa, na makosa yake. Kulia andika maswali yanayokujia.

Kosa linase zima zima. Mwezi uliopita mtoto alisema, "My mother he is cooking." Mwalimu akasahihisha, "She!", somo likaendelea. Lakini humo mna makosa mawili, na yote yametoka kwenye Kiswahili safi kabisa. Tunasema "mama anapika": ile "a" haijali kama ni mama au baba, na lazima iwepo hata mama akiwa ameshatajwa. Mtoto alikuwa anaitafutia "a" yake nafasi katika Kiingereza. Akirudishiwa "she" peke yake, kesho atasema "my mother she is cooking", na ataamini amepatia. Ungeandika tu "amekosea kiwakilishi", hayo yote yangepotea.

Mwalimu akiuliza swali, hesabu kimoyomoyo mpaka aite jina au ajijibu mwenyewe. Mary Budd Rowe, mtafiti wa Marekani, aliwakuta walimu wakisubiri kama sekunde moja tu. Na darasa zima likiitikia "Yeees!", watazame wale watano wako: nani ameitikia, nani amefungua mdomo tu.

Kipindi kikiisha, usiseme lolote koridoni. Omba madaftari ya wale watano, mkae chini ya mwembe siku hiyo hiyo, na uanze kwa kumwuliza, "Mwalimu, wewe umekionaje kipindi?" Akimaliza, msomee sentensi ya mtoto kama ilivyotoka.