Kuomba uzamili wa usimamizi wa ujenzi ukiwa Mwanza: anza na cheti, fomu itasubiri

Fomu ya kuomba shahada ya uzamili hujazwa jioni moja. Mimi niliijaza nikiwa nyumbani Kitangiri baada ya kutoka saiti, na chai haijapoa nilikuwa nimefika ukurasa wa kupakia viambatisho. Kilichonipotezea mwaka mzima wa masomo ni herufi moja: katika cheti changu cha shahada ya kwanza, r ya jina la baba ilikuwa imegeuka l. Wasukuma wenzangu wataelewa kwamba kwa mdomo tofauti hiyo haitusumbui sana. Kwenye mfumo wa kompyuta, hao ni watu wawili.

Ninawaandikia wahandisi, wakadiriaji majenzi na wabunifu majengo walioko Kanda ya Ziwa, hasa waliosoma shahada ya kwanza nchi jirani kama mimi. Kuhusu kuchagua chuo sitasema mengi. Chuo Kikuu Ardhi, ambacho hadi mwaka 2007 kilikuwa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kina uzamili wa uchumi na usimamizi wa ujenzi, na jirani yake huyo wa mlimani ana programu zake katika fani ya uhandisi. Maombi hufanywa kwa mtandao, kwa hiyo hakuna haja ya kupanda basi Nyegezi kwenda kuchukua fomu, kama alivyonishauri msimamizi wangu aliyesoma zama za fomu za karatasi. Soma sifa za kujiunga kwa makini. Kwa kawaida vyuo vya hapa huomba wastani wa angalau 2.7 katika kipimo cha 5. Kama chuo chako kilitumia kipimo kingine, andika wastani kama ulivyo kwenye transkripti wala usijifanyie hesabu ya kuubadilisha, kwa sababu kazi hiyo ina wenyewe.

Sasa tufike kwenye cheti. Aliyesoma nje ya Tanzania, hata kama nje yenyewe ni Kampala, anatakiwa kwanza shahada yake itambuliwe na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, TCU, iliyoundwa kwa Sheria ya Vyuo Vikuu ya mwaka 2005. Stashahada za ufundi ziko chini ya NACTVET, baraza la elimu na mafunzo ya ufundi, na aliyefanya mtihani wa sekondari katika mfumo wa nchi nyingine huanzia NECTA, Baraza la Mitihani, kupata ulinganifu wa matokeo yake. Mambo haya huenda kwa kufuatana, sekondari mbele na shahada nyuma, na anayerukia katikati hurudishwa mwanzo. Nimewaona wenzangu wawili wakianza kushughulikia utambuzi siku dirisha la maombi lilipofunguliwa, wakidhani wamewahi, ilhali utambuzi ulipaswa kuwa mkononi siku hiyo.

Kwa hiyo, kabla ya kufungua akaunti yoyote, panga mezani cheti cha kuzaliwa, cha kidato cha nne, cha kidato cha sita, cha shahada, transkripti na kitambulisho cha taifa, kisha usome jina lako herufi kwa herufi kana kwamba unakagua michoro ya mtu usiyemwamini. Mimi sikuwa nimekisoma cheti changu tangu siku ya mahafali. Nilikipiga picha, nikakitia kwenye fremu, kikakaa ukutani miaka sita kikiwa na kosa lake, na wageni wote wakakisifu.

Nilipoigundua ile l nilifanya kosa la pili, ambalo ndilo lililonigharimu zaidi: nilidhani kiapo kinatosha. Nilikwenda kwa wakili, nikaapa kwamba majina yote mawili ni ya mtu mmoja, akagonga muhuri, nikalipa, nikarudi nyumbani nikiwa mwepesi. Kiapo kina kazi yake. Hueleza kwa nini cheti cha sekondari kina majina mawili na kitambulisho kina matatu, au kwa nini jina la ukoo limetangulia la kwako. Hakiwezi kusahihisha hati iliyotolewa na taasisi nyingine; iliyotoa hati ndiyo ya kuirekebisha, au angalau ya kuandika barua inayothibitisha kwamba mhitimu ni yule yule.

Chuo changu, ambacho sitakitaja, kilijibu barua pepe yangu baada ya wiki tano, kikiniambia niandike barua. Nikaandika. Jibu la pili lilisema barua iletwe na mhusika mwenyewe. Nikapanda basi la Bukoba na Mutukula, mpakani na Uganda, nikiwa na pasipoti na kadi ya chanjo ya homa ya manjano, vitu viwili ambavyo hupaswi kuvitafuta usiku wa kuamkia safari. Pale Kigongo, tulipokuwa tukipanga foleni ya kivuko enzi za uanafunzi, tulipita kwa dakika chache juu ya daraja la kilomita 3 lililofunguliwa Juni 2025, nami nikawaza kwamba watu wamemaliza kuvuka ghuba huku mimi nikiwa bado nahangaika na herufi.

Ofisi ya usajili ilikuwa na madirisha matatu na mtumishi mmoja. Zamu yangu ilipofika, karani alilivuta jalada langu kutoka kwenye rundo, akalipekua hadi fomu ya mahafali, akaigeuza ili niione. "Ssebo, huu si mwandiko wako?" Ulikuwa wangu. Nilikuwa nimeandika r yenye mgongo ulionyooka na kikono kisichoonekana, na aliyechapa cheti alichapa alichokiona. Hasira niliyoibeba kutoka Mwanza ikakosa mtu wa kumwangukia. Siku ya tatu nilipata barua yenye muhuri na ahadi ya cheti kipya, na barua hiyo ndiyo iliyonisogeza. Lakini dirisha la mwaka ule lilikuwa limeshafungwa.

Nakala zilizothibitishwa ni kazi ya nusu siku. Thibitisha seti tatu kwa mpigo, maana wakili hutoza kwa karatasi na safari ya pili mjini ina nauli yake. Kuskani ni jambo jingine: steshenari moja karibu na Makoroboi iliniskania transkripti kwa simu, kivuli cha kidole kikiwa juu ya alama za mwaka wa tatu. Dai mashine, hifadhi kila hati katika faili lake, na ulipatie jina linaloeleweka, kwani "skani mpya ya mwisho 2" itakuaibisha siku utakapopakia cheti cha kuzaliwa mahali pa shahada.

Barua ya mapendekezo huandikwa na mtu mwingine kwa niaba yako, kwa hiyo usimshtukize. Mfumo humtumia mhadhiri kiungo kwa barua pepe, naye huenda asikione kwa sababu kimeangukia kwenye kapu la taka au kwa sababu anwani uliyoandika aliiacha zamani. Mpigie kwanza. Nilimwambia mwalimu wangu, "Shikamoo Mwalimu, nimekuandika kama mtu wa kunipendekeza," naye akaniuliza nilimaliza mwaka gani na kama ni mimi niliyeanguka kwenye jukwaa la saruji. Ni mimi. Mtumie transkripti na muhtasari wa kazi zako ili aandike juu ya kazi na si juu ya anguko.

Chuo kikiomba wazo la utafiti, usiandike kwamba usimamizi wa ujenzi ni muhimu kwa maendeleo ya taifa. Hilo halina mpinzani, kwa hiyo halina utafiti. Andika ulichokiona saiti. Hapa Mwanza mkandarasi anaweza kukadiria uchimbaji wa msingi kama udongo, akafika nusu mita akakutana na mwamba, na mafundi wakaanza kuuchoma kwa moto na kuupasua kwa nyundo huku ratiba ikiendelea kusoma udongo. Nani anabeba gharama hiyo, mkataba unasema nini, na kwa nini uchunguzi wa ardhi huwa wa kwanza kukatwa bajeti inapobana? Hayo ni maswali yanayopimika. Vivyo hivyo malipo yanayochelewa, au namna wakandarasi wadogo wanavyoshindana tangu zabuni za umma zilipohamia kwenye mfumo wa NeST mwaka 2023. Chagua moja, na useme data utaipata wapi.

Ada ya maombi hulipwa kwa namba ya malipo ya tarakimu 12 ambayo mfumo hukutengenezea, kupitia simu au benki. Lipa siku hiyo hiyo, kwani namba hiyo ina muda wake, kisha urudi kwenye akaunti uhakikishe malipo yamesomeka, kwa sababu ujumbe wa simu kwamba umelipa hauna maana kwamba maombi yamewasilishwa. Kitufe cha kuwasilisha kiko ukurasa mwingine, na kuna watu wanaolipa na kulala. Pakua fomu iliyokamilika na stakabadhi, uvihifadhi nje ya simu.

Ukipata nafasi, siku ya kujisajili utaombwa vyeti halisi pamoja na barua ya utambuzi. Mwajiriwa wa umma aanze kuomba ruhusa ya masomo mapema, maana barua hiyo hupita meza nyingi. Fremu yangu niliifungua kwa bisibisi usiku wa kuamkia safari ya Dar es Salaam. Cheti kipya kilikuwa kimeshafika, r ikiwa mahali pake, nami nilikisoma mara mbili kabla ya kukitia kwenye bahasha.