Kabla hujashusha injini: mambo ya kuzingatia ukitaka kutengeneza giaboksi ya pikipiki nyumbani

Bodaboda akisema "giaboksi imekufa", usikimbilie spana. Mara nyingi kinachomsumbua ni kwamba gia haiingii, au inaingia halafu inachomoka, na sababu za hayo nyingi ziko nje ya giaboksi. Nalisema hili nikiwa nimeshaumia. Kuna mwaka niliishusha injini yangu barazani, Nkuhungu hapa Dodoma, nikaipasua yote katikati kwa sababu gia zilikuwa zinaruka. Ndani nilikuta gia safi, meno makali kabisa. Tatizo lilikuwa springi moja iliyokatika, ya kile kidole kinachokanyaga nyota ya gia (kisahani chenye kona kinachoishikilia gia mahali pake), na springi hiyo inakaa nyuma ya klachi, mahali unapofika bila kuipasua injini. Niliitoa mwenyewe siku ya kwanza, nikaitupa kwenye trei bila kuitazama. Pikipiki ililala siku kumi na moja.

Kwa hiyo maandalizi ya kwanza ni kujiridhisha kwamba ugonjwa kweli uko ndani.

Anza na klachi. Hizi pikipiki zetu za cc 100 mpaka 150, iwe Boxer, TVS, Haojue au SanLG, zinataka liva ya klachi icheze kidogo kabla haijaanza kuvuta, kama milimita 10 mpaka 20 ukipimia kwenye ncha ya liva. Ikilegea kupita hapo, klachi haiachii vizuri: unavuta liva yote lakini pikipiki bado inataka kwenda, gia inaingia kwa kishindo, na ukisimama kwenye foleni nyutro huipati mpaka uzime injini. Watu wanapasua injini kwa dalili hizo hizo, wakati dawa ni kukaza nati ya waya au kununua waya mpya. Ikikosa mchezo kabisa, nayo ni shida: klachi inateleza, moto unapanda mwendo haupandi, na dereva anaapa kwamba gia ya nne imekwisha.

Kisha shuka kwenye pedeli ya gia. Ishike kwa mkono uitikise. Meno yanayoishikilia kwenye shafti yakilika, mguu wako unasukuma pedeli lakini shafti inazunguka nusu tu, na gia inaingia nusu. Tazama na cheni pamoja na sproketi ndogo. Cheni iliyolegea ikiruka meno, mlio wake na mshtuko wake vinafanana sana na gia inayochomoka. Vumbi la Dodoma linakula cheni kuliko watu wanavyodhani, hasa kwa wanaoshinda njia za Hombolo na Bahi. Linaingia kwenye cheni yenye grisi, linageuka msasa.

Vyote hivyo vikiwa sawa, panda pikipiki ukiwa na daftari. Nenda mahali penye mpando, kama ule wa kuelekea Chuo Kikuu cha Dodoma, kwa sababu gia mbovu hujificha kwenye tambarare na kujitaja injini inapobeba mzigo. Andika ni gia ipi inayochomoka. Ikiwa ni moja tu, tuseme ya pili, na inachomoka unapoongeza moto, basi hapo kweli kuna kazi ya ndani: vile vidole vya ubavuni mwa gia, vinavyoingia kwenye matundu ya gia jirani, vimelika kona zikawa za mviringo, au uma unaoisukuma gia hiyo umepinda. Gia zenyewe hazitengani, meno yake yameshikana muda wote. Kinachoingia na kutoka ni hivyo vidole. Lakini zikichomoka zote bila mpangilio, mshuku kwanza nyota na springi yake, mshuku klachi. Mimi sikuandika, ndiyo maana yakanikuta yale.

Kuna kipimo kingine cha masikio. Washa injini, weka nyutro, achia klachi, usikilize. Kisha vuta klachi. Mngurumo ukikatika ulipovuta na kurudi ulipoachia, elekeza macho kwenye beringi za shafti inayopokea nguvu kutoka kwenye klachi. Mngurumo usiobadilika kwa klachi una asili nyingine, huenda krenki (shafti inayozungushwa na pistoni), na hiyo ni safari nyingine kabisa.

Mwisho wa uchunguzi ni oili, na hapa usiharakishe. Imwage injini ikiwa na uvuguvugu, ndani ya beseni safi, sio kwenye mchanga. Pitisha sumaku taratibu. Ukipata uji wa kijivu laini kama masizi, hiyo ni hali ya kawaida ya chuma kusagana. Ukipata vipande unavyoweza kuvishika kwa kucha, jino limevunjika au beringi inamung'unyuka. Kuna unga unaong'aa ambao sumaku haiushiki. Huo mara nyingi ni wa aluminiamu, na huenda kuna kitu kinakwangua kesi, yaani ganda la injini. Oili yenye rangi ya chai ya maziwa imeingiwa na maji, jambo la kawaida mwezi wa kwanza na wa pili kwa waliovuka makorongo yaliyojaa. Uliza pia ni oili gani iliyokuwamo. Klachi ya pikipiki hizi inaogelea kwenye oili ile ile ya injini na gia, ndiyo sababu kopo linatakiwa liwe na maandishi JASO MA au MA2. Baadhi ya oili za magari zina kiungo cha kupunguza msuguano, nacho kinaitelezesha klachi. Nimeona kijana kabadilisha oili tu, pikipiki ikapona.

Sasa tuseme umejiridhisha, ni ndani. Jiulize pikipiki ni ya nani. Ikiwa ni ya mkataba, usiguse bolti hata moja kabla hujazungumza na bosi wako, na mkubaliane hesabu za siku ambazo pikipiki italala zinakwendaje. Injini iliyofunguliwa bila ruhusa huwa na lawama zote za miaka mitatu iliyopita. Ikiwa ni mpya na bado ina waranti, irudishe ilikonunuliwa, basi.

Muda: usianze Jumapili mchana ukitegemea Jumatatu asubuhi uwe kijiweni. Kwa asiyezoea, kushusha injini, kutoa kichwa, silinda, klachi na sumaku (ile ya kuzalisha umeme, iliyofungwa kwenye krenki), ndipo upasue kesi, ni kazi ya siku mbili bila kuhesabu kutafuta spea. Na mahali pawe ndani, au palipozibwa upepo. Mwezi wa sita mpaka wa nane upepo wa hapa unabeba mchanga mpaka kwenye sufuria ya ugali. Utashindwaje kuingia kwenye beringi? Mwagia sakafu maji kidogo kabla ya kuanza, subiri ikauke nusu, tandika shuka la rangi nyeupe ili washa, ile ringi nyembamba ya chuma, ikidondoka uione. Kuku wafungiwe. Nacheka, lakini kuku na klipu inayong'aa sakafuni ni hadithi ambayo sitaki ikukute.

Vifaa si vingi ila kuna viwili ambavyo bila hivyo unaharibu. Spana na soketi za 8, 10, 12, 14 na 17 unazo au utaazima. Ambacho huna ni pula ya kutolea sumaku, na ile soketi yenye meno ya kufungulia nati ya klachi. Watu hupiga patasi kwenye nati hiyo mpaka inakuwa kama imetafunwa, na sumaku wanaigonga kwa nyundo mpaka krenki inapinda. Pula inauzwa kwa kila aina ya pikipiki, au kodi kwa fundi kwa siku moja. Ongeza bisibisi ya kugonga kwa ajili ya skrubu za kava zilizogoma, nyundo ya mpira, na koleo ya klipu. Kitu cha kuoshea kiwe mafuta ya taa au dizeli. Petroli ndani ya chumba chenye jiko la mkaa uani, sitasema zaidi.

Spea zinunuliwe lini? Gasketi seti nzima na sili zote, kabla. Ukishapasua kesi, gasketi ya karatasi haina maisha ya pili, na sili ya shafti ya sproketi ukiirudisha ya zamani itavuja ndani ya wiki. Klipu mpya pia. Gia na beringi nunua baada ya kufungua, ukiwa na ya zamani mkononi, na gia inunuliwe na mwenzake inayoshikana naye, sio moja. Niliwahi kwenda dukani Majengo mikono mitupu.

"Shikamoo mzee. Naomba gia ya pili ya injini hii ya mia na ishirini na tano."

"Marahaba. Ya zamani iko wapi tuhesabu meno?"

"Nimeitupa."

"Basi kaitafute jalalani, mwanangu, halafu urudi."

Nilirudi nayo jioni.

Mpangilio wa vitu vinavyotoka ndio unaoamua kama utaifunga pikipiki au utabeba karai kwa fundi. Bolti za kava hazilingani urefu. Chukua boksi la karatasi, chora umbo la kava, toboa matundu, kila bolti ichomekwe pale ilipotoka. Bolti ndefu ikiingia kwenye tundu la fupi, inapasua kesi au inaua thredi, na bado kava halijakaza. Gia zinapotoka kwenye shafti, zitunge kwenye kijiti kwa mfuatano, washa na klipu zikiwa katikati yake, kama mishikaki, uso uliokuwa kushoto ubaki kushoto. Washa nyembamba huganda kwa oili nyuma ya gia, kwa hiyo ikague kila gia kabla hujaiweka chini. Piga picha kwa simu kila hatua, lakini usitegemee picha pekee. Ukiwa na mikono ya oili utaacha kupiga pale hasa panapohitajika. Vidude vidogo, trei ya mayai inatosha.

Kesi ikigoma kuachana, usichomeke bisibisi katikati. Ule uso uliolainishwa ukichubuka, utavuja mpaka siku ya kuuza. Kesi ikigoma kuna bolti umeisahau, nyingine hukaa upande wa sumaku chini ya tope. Tafuta, kisha gonga taratibu kwa nyundo ya mpira kuzunguka. Kabla hujafunga, rudisha shafti, ngoma inayosogeza uma, na uma zenyewe mahali pake, zungusha kwa mkono ukipitisha gia zote, ya kwanza mpaka ya mwisho na kurudi. Inayogoma mkononi haitapona barabarani. Bolti za kesi, zile nyembamba za milimita 6, zinataka nguvu ya kukaza ya kama Nm 10 tu, tena kwa mkato wa msalaba. Wengi wanaoua thredi wanakaza kama wanafunga tairi la lori.

Na kama ukifika kwenye kupasua kesi moyo unasita, ipo njia ya katikati ambayo mafundi hawaitangazi. Shusha injini mwenyewe, isafishe, ukiwa na mtu wa pili wa kuinua maana ni nzito, uipeleke tupu kwa fundi pamoja na daftari lako la gia ipi inachomoka na wakati gani. Unalipia kupasua na kufunga, na fundi hana pa kuanzia kubahatisha. Ukirudi, unaipandisha mwenyewe.

Oili chafu iliyotoka iweke kwenye dumu. Jirani yeyote anayesimamisha nguzo za uzio ataiomba ya kupaka dhidi ya mchwa. Oili mpya uliyoweka, kama lita moja hivi kulingana na kitabu cha pikipiki yako, itoe mapema, ukishatembea kilomita 500, kwenye beseni lile lile, na sumaku ipite tena.