Soma kibati cha mota kabla ya kulipia mashine

Kwa mafundi wenzangu wa Keko na Gerezani, Dar es Salaam, mnaonunua mashine za mtumba: kama karakana yako ina umeme wa njia moja (single phase), tafuta mota ya njia tatu (three phase) yenye kibati, yaani bamba dogo la maelezo, kilichoandikwa 230/400 V. Hiyo inafanya kazi kwa inveta ya kuendeshea mota (VFD) inayopokea volti 230 za njia moja na kutoa volti 230 za njia tatu. Fundi umeme abadilishe vibati vya kuungia ndani ya boksi la mota kutoka nyota kwenda pembetatu (namna mbili za kuunga koili za mota), kwa sababu kwenye pembetatu kila koili inapata volti 230 zake kamili. Ukiiacha kwenye nyota, koili inapata kama 133 tu. Mota inazunguka ila ukiipa mbao ngumu inakata tamaa.

Inveta hiyo haifai kwa mota ambayo kibati chake kinasema 400/690 V, na mota kubwa italemea laini yako. Usiweke swichi kati ya inveta na mota. Washa na kuzima kwenye inveta yenyewe.

Siku ukiingiziwa njia tatu ya volti 400, rudisha nyota kwanza. Tafadhali usisahau hili, pembetatu ile itaunguza koili.