Kuwapeleka watoto Jamestown na Williamsburg

Miji hii ya kihistoria iko jimbo la Virginia, Marekani. Anzeni Jamestown Settlement, jumba la makumbusho. Watoto wapande nakala ya Susan Constant, merikebu iliyowaleta walowezi Waingereza mwaka 1607, waone abiria walivyobanana. Kisha nendeni Historic Jamestowne, mahali penyewe walipojenga makazi yao. Hapo huwasimulia wanangu habari za Angela, mwanamke aliyetekwa Angola akafikishwa Virginia mwaka 1619. Tafadhali msiiruke, hata kama watoto ni wadogo. Huyu ni mtu wa bara letu.

Williamsburg, mji wa kale unaoonyesha maisha ya karne ya 18, ipeni siku nzima. Kutembea barabarani ni bure. Tiketi ni ya kuingia majengoni. Mwacheni mtoto amuulize mhunzi maswali. Bebeni maji, maana joto la Julai lina unyevu kama la Tanga. Yorktown, uwanja wa mapigano ya 1781 katika vita vya uhuru wa Marekani, nusu siku inatosha.