Namna ya Kupima Maisha ya Wanafunzi Kabla ya Kuchagua Shule ya Bweni

Siku ambayo shule imewaalika wazazi ndiyo siku mbaya kuliko zote ya kuichunguza. Nyasi zimefyekwa, kwaya imejinoa, na mwanafunzi wa kukutembeza amechaguliwa kwa ufasaha wake. Nenda siku hiyo uchukue fomu, kisha omba kurudi siku ya kawaida, kati ya kengele ya mwisho ya masomo na chakula cha jioni, au Jumapili alasiri. Hizo ndizo saa ambazo ratiba hulegea na wanafunzi hufanya yao. Shule ikikataa usiingie mabwenini kwa kulinda faragha ya watoto, hiyo ni sababu nzuri. Omba bwalo na viwanja.

Anzia bwalo. Simama pembeni kama dakika 20 utazame foleni ya chakula. Je, wakubwa hupita mbele na wadogo wakawapisha bila hata kugeuka? Hilo limeshakuwa desturi, na uongozi unalijua. Nani hufuta meza, na ni zamu ya kweli au ni kazi ya mwaka wa kwanza daima? Mtoto mmoja anayekula peke yake si ushahidi wa chochote, maana wapo wanaopenda utulivu. Wakiwa watano au sita, wote wanafunzi wapya, hapo pana neno.

Bwenini, kufuli kwenye kila sanduku ni jambo la kawaida. Masanduku kadhaa yaliyong'olewa komeo na kufungwa kwa kamba yanaonyesha wizi uliozoeleka. Tazama kama milango ya vyoo na bafu ina vitasa, na usome maandishi ya ukutani: utani ni utani, lakini jina la mtoto mmoja likirudiwarudiwa na matusi ni jambo jingine. Uliza matroni au patroni analala wapi, na kama akiwa chumbani kwake anaweza kusikia kelele za bweni.

Sehemu inayotaka muda zaidi ni viranja. Uliza wanapatikanaje, wanaruhusiwa kutoa adhabu gani, adhabu hiyo huandikwa wapi, na nani anaweza kuifuta. Kiranja anayeadhibu bila kuandika popote huwa hana wa kumhoji, na baada ya muda adhabu hugeuka kufuliwa nguo na kuchotewa maji. Walioonewa wakiwa wadogo nao husubiri zamu yao, ndiyo maana ubabe huendelea hata viranja wakibadilishwa kila mwaka. Omba kuelezwa kisa kimoja cha uonevu, bila majina: nani alitoa taarifa, mzazi aliitwa baada ya muda gani, aliyeonewa alilala wapi usiku ule. Mwalimu anayejibu "hapa kwetu hakuna uonevu" anapaswa kukutia shaka kuliko yule anayekueleza kisa kibaya kilivyoshughulikiwa.

Ukizungumza na wanafunzi, fanya hivyo mahali pa wazi, bila kuwauliza majina, mwalimu akiwa hatua chache mbali. Swali la "mnapendana hapa?" litakupa jibu moja tu. Uliza mambo yanayotendeka: Mtu akiugua usiku humwamsha nani? Jumamosi iliyopita baada ya chakula mlifanya nini? Shuka likipotea unafanyaje? Anayeongoza darasani huambiwa nini na wenzake? Rudia maswali hayohayo kwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, wa mwaka wa mwisho, na mfanyakazi wa jikoni. Majibu yakipishana kidogo, ni ubinadamu. Wa mwaka wa mwisho akisifu kila kitu na wa mwaka wa kwanza akainamisha kichwa, mpe nafasi kwanza, huenda ni haya ya mgeni. Lakini wadogo watatu wakifanya vivyo hivyo, si haya tena.

Wazazi wengi huteleza kwa kudhani kimya ni nidhamu. Tazama mwalimu anapotokea ghafla: mazungumzo yakikatika kama yamekatwa kwa kisu, hiyo ni hofu. Penye nidhamu ya kweli wanafunzi husalimia, wakashusha sauti, wakaendelea.

Mpeleke na mtoto mwenyewe, akae na wa rika lake nusu saa bila wewe. Mkiondoka, mwulize alikaa na nani na walizungumza nini, kwa kuwa swali la "umeipenda?" hujibiwa kwa kukufurahisha. Andika uliyoyaona siku hiyohiyo, kwa kuwa ukifika shule ya tatu yote yatachanganyika.

Mwisho, uliza mkuu wa shule na walezi wa mabweni wana miaka mingapi hapo. Ikiwa mkuu alibadilika karibuni, sifa au lawama za waliomaliza zamani hazikusaidii sana. Watafute waliotoka mwaka jana, na hasa waliohama kabla ya kumaliza.